Nani Ashike Ufunguo wa Posta ya Kampuni?

Liko jambo moja ambalo katika makampuni mengi huamuliwa kwa dakika tano, mwishoni mwa mkutano, wakati wajumbe wamekwisha kufunga majalada yao na kila mtu anatazama saa. Jambo hilo ni barua pepe. Katibu huuliza: tununue huduma ya makampuni makubwa ya ng'ambo, au tutumie programu huria, ambazo hazina bei? Mmoja asema kitu cha bure hakikataliwi. Mwingine asema kitu cha bure hakina dhamana. Mwenyekiti amwunga mkono aliyesema mwisho, na mkutano wafungwa. Siku barua za wateja zinapopotea, au bei inapopanda, au mtu asiyejulikana anapokuwa amezisoma hesabu za kampuni, ndipo watu huulizana ni nani aliyeamua, na kwa sababu gani.

Sisi twaona kuwa jambo hili halistahili kuamuliwa hivyo. Barua za kampuni ndizo kumbukumbu zake: mikataba, madai, bei zilizopatanwa, siri za wateja na za watumishi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la makampuni mengi leo limo ndani ya barua pepe. Aishikaye posta hiyo ndiye aishikaye daftari. Kwa hiyo leo twataka kulipima jambo hili kwa mizani, kila upande na haki yake, kisha tuseme waziwazi ni lipi tulionalo kuwa na manufaa.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Seva ya barua pepe ni ofisi ya posta. Ni kompyuta isiyolala, ambayo hupokea barua za watu wote wa kampuni, huzipanga katika masanduku yao, na kuzipeleka zile ziendazo nje kwa posta za wengine. Posta hizi zote duniani husemezana kwa lugha moja, ambayo kanuni zake ziliandikwa na Bwana Jon Postel, mtaalamu wa Kimarekani, mwezi wa Agosti 1982. Kwa sababu ya lugha hiyo, posta iliyoko Mwanza huweza kupokea barua kutoka posta iliyoko Tokyo bila ya kuuliza imetengenezwa na nani. Msomaji na alishike jambo hili, maana ndio msingi wa uhuru wa kuchagua. Kama posta zote zasema lugha moja, basi hapana kampuni iwezayo kudai kwamba bila ya yeye barua hazitafika.

Pili, tuondoe kosa moja ambalo limewapoteza wengi. Programu huria si sawasawa na programu ya bure. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ameruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuyagawa. Mathalani Postfix, iliyoandikwa na Bwana Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, na Dovecot, iliyotolewa na Bwana Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002: hizo mbili zikiunganishwa hufanya posta kamili, na hutumika katika seva nyingi sana duniani. Programu ya kibiashara ni ile ambayo mwenyewe huyaficha maandishi yake, na mnunuzi hupewa ruhusa ya kuitumia tu, kwa masharti na kwa muda. Mfano ujulikanao zaidi ni Exchange ya kampuni ya Microsoft.

Tena kuna swali la tatu ambalo watu hulichanganya na hayo mawili, nalo ni mahali ikaapo mashine. Mtu aweza kununua programu ya kibiashara na kuiweka katika kompyuta yake mwenyewe, ofisini mwake. Aweza pia kuikodi, barua zake zikae katika majumba ya kompyuta ya kampuni ya ng'ambo. Vivyo hivyo aweza kuweka programu huria ofisini kwake, au kumkodisha mwenye seva wa hapa nchini amwendeshee programu hiyo hiyo. Njia basi ni nne, wala si mbili. Na mengi yasemwayo kwa sifa au kwa lawama juu ya programu huwa kwa kweli yanahusu mahali pa mashine, na yule mtu aitunzaye.

Tuwape haki yao kwanza wale wanaopendelea kununua. Hoja yao si dhaifu. Kuendesha posta si kazi ya siku moja. Kila siku posta hushambuliwa na barua taka, barua za matapeli, na wezi wanaojaribu nywila moja baada ya nyingine. Makampuni makubwa yana walinzi wa zamu usiku na mchana, na kampuni yenye watumishi arobaini haiwezi kuajiri jeshi kama hilo. Zaidi ya hayo, posta mpya haiaminiwi upesi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameweka masharti makali: apelekaye barua nyingi kwa wateja wao, na kwa Google kiasi ni barua 5,000 kwa siku, lazima awe na mihuri mitatu, iitwayo SPF, DKIM na DMARC, ya kuthibitisha kwamba barua yatoka kweli kwa mwenye jina. Hata mpelekaji mdogo wadai angalau muhuri mmoja kati ya miwili ya kwanza. Fundi asiyeijua mihuri hiyo hujenga posta nzuri ambayo barua zake huishia katika kapu la takataka la mpokeaji. Kampuni huandika bei zake, mteja hazioni, na biashara huenda kwa mwingine. Hasara hiyo haimo katika hesabu za mtu asemaye "programu huria ni bure".

Nao wapendao programu huria wana hoja zao, na nzito. Kitu cha kukodi kina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kubadili nia. Tangu mwaka 2006 Google iliyapa makampuni madogo huduma ya barua pepe kwa majina yao wenyewe bila malipo. Mwezi wa Desemba 2012 mlango ukafungwa kwa wageni wapya, waliokwisha kuingia wakaachwa ndani. Mwaka 2022 hao nao, wale waliokuwa wakifanya biashara, wakaambiwa walipe au waondoke. Hapana aliyedanganywa, kila jambo lilifanywa kwa tangazo. Lakini mtu aliyejenga nyumba yake kwa miaka kumi na sita juu ya kiwanja cha mwingine hana la kusema siku ya kuambiwa bei ya kiwanja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hata anunuaye programu na kuiweka ofisini kwake hayuko mbali na hali hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuzihudumia programu zake za Exchange za mwaka 2016 na 2019. Alizonazo mtu hazikuzimika siku hiyo, lakini mwenye busara hawezi kuendesha posta ambayo matundu yake hayazibwi tena. Toleo lililofuata hupatikana kwa ada ya kulipa daima, si kwa kununua mara moja. Basi aliyedhani kuwa amenunua shamba alikuta kwamba alikuwa mpangaji.

Na liko jambo kubwa kuliko bei. Mwezi wa Februari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya vikwazo juu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague. Mwezi wa Mei habari zikaenea duniani kwamba Mwendesha Mashtaka wa Mahakama hiyo, Bwana Karim Khan, amepoteza anwani yake ya barua pepe iliyokuwa kwa Microsoft. Microsoft ilikana kwamba ilikatiza huduma zake kwa Mahakama. Sisi hatumo katika ugomvi wao. Lakini yafaa kutazama lile ambalo Mahakama yenyewe ilifanya baadaye: mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ilijulikana kwamba inahamia OpenDesk, mkusanyiko wa programu huria uliotengenezwa na shirika la serikali ya Ujerumani. Tena mwezi wa Juni 2025 mkurugenzi wa sheria wa Microsoft nchini Ufaransa aliulizwa, kwa kiapo, mbele ya Baraza la Seneti la nchi hiyo, kama aweza kuhakikisha kwamba habari za raia wa Ufaransa hazitapewa serikali ya Marekani bila ya idhini ya Ufaransa. Alijibu kwamba hawezi kuhakikisha. Alisema kweli, kwani sheria ya Marekani ya mwaka 2018 yawabana makampuni ya nchi hiyo kutoa habari walizonazo, hata zikiwa zimewekwa nje ya Marekani.

Msomaji aweza kusema: hayo ni mambo ya wakubwa, duka langu la vipuri lina siri gani ya kuitia wasiwasi Washington? Ni kweli. Lakini sheria haiwatazami wakubwa peke yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizo zinaweka masharti juu ya kuzipeleka habari za watu nje ya nchi. Mwenye duka anayetunza majina, namba za simu na madeni ya wateja wake katika barua pepe sharti ajue barua hizo zalala nchi gani. Kutojua si kinga.

Je, kuna mahali ambapo njia ya programu huria imejaribiwa kwa ukubwa, ili tuyapime maneno kwa matendo? Papo. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini ya Ujerumani, lenye watumishi wa serikali wapatao 30,000, liliamua kuiacha Exchange na kuhamia Open-Xchange, pamoja na programu ya kusomea barua iitwayo Thunderbird, zote huria. Kazi hiyo ilikwisha mwanzoni mwa Oktoba 2025. Masanduku zaidi ya 40,000 yalihamishwa, na ndani yake barua na miadi ya kalenda zaidi ya milioni 100. Mwezi wa Desemba wizara inayohusika ilieleza kwamba jimbo litaokoa zaidi ya Yuro milioni 15 za leseni, na kwamba matumizi ya mara moja ya kuikamilisha kazi katika mwaka 2026 ni Yuro milioni 9.

Hatuwezi kuisimulia habari hiyo nusu. Safari ile haikuwa shwari. Watumishi walilalamika, wa mahakama wakiwamo, kwamba barua zilichelewa na kazi zilikwama. Ndivyo ilivyo kazi ya kuhama: hata ahamaye kutoka nyumba mbovu kwenda nyumba njema huvunja sahani njiani. Tena mji wa München, katika nchi hiyo hiyo, uliamua mwaka 2003 kuzitia kompyuta zake programu huria, na kufika mwaka 2013 ulikuwa umebadili kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Watu wabishana hata leo kama sababu ilikuwa ya ufundi au ya siasa. Funzo kwetu ni kwamba wakubwa wasipokuwa na msimamo, programu haiwezi kuwapa msimamo. Aanzaye safari hii na aianze kwa nia ya kufika, la sivyo atalipa nauli mara mbili.

Sasa twaingia katika jambo la usalama, ambalo kila upande hulitumia kumtishia mwenzake. Wa kibiashara husema: programu ambayo maandishi yake yako wazi, mwizi naye ayasoma. Wa huria hujibu: macho mengi huliona tundu mapema. Tuyatazame yaliyotokea, maana historia haina ushabiki.

Mwezi wa Novemba 1988 mdudu wa kompyuta alienea katika mtandao wa Marekani na kuzilemaza mashine maelfu. Moja ya njia alizoingilia ni tundu katika Sendmail, posta ya programu huria iliyotumika sana siku zile. Mwezi wa Juni 2019 tundu kubwa lilitangazwa katika Exim, programu nyingine huria. Kiraka cha kuliziba kilikuwako tayari. Hata hivyo mwezi wa Mei 2020, karibu mwaka mzima baadaye, idara ya usalama ya Marekani ilitoa onyo kwamba wapelelezi wa kijeshi wa Urusi walikuwa wakilitumia tundu lile lile, kwa sababu wako mafundi ambao hawajatia kiraka.

Na upande wa pili? Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitoa viraka vinne vya Exchange, wakati wavamizi wamekwisha kuingia. Seva maelfu kwa maelfu duniani zilivamiwa; Bunge la Norway na Mamlaka ya Mabenki ya Ulaya zilikuwamo. Hizo zilikuwa seva ambazo makampuni na maofisi yamezinunua na kuziweka kwao. Zile za kukodi kwa Microsoft yenyewe zilisalimika. Basi mtu akasema: afadhali kukodi. Lakini mwaka 2023 wavamizi kutoka China walipata ufunguo wa kughushi vibali vya kuingilia katika huduma hiyo ya kukodi, wakasoma barua za mashirika zaidi ya ishirini, zikiwamo barua za Waziri wa Biashara wa Marekani, Bibi Gina Raimondo. Tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza ilisema mwezi wa Aprili 2024 kwamba uvamizi ule ungaliweza kuzuiwa, na ikailaumu kampuni kwa uzembe wa mambo ya ulinzi.

Mtu asiye na upendeleo ataona nini katika visa hivyo vinne? Ataona kwamba matundu hutokea pande zote mbili. Mara nyingi nyumba huibiwa kwa sababu mlinzi amelala, si kwa sababu ya jina la fundi aliyejenga mlango. Tofauti iliyopo ni moja: mlinzi wa huduma ya kukodi akilala, mpangaji hana la kufanya ila kungoja habari, mlinzi wa posta yako akilala, wewe mwenyewe waweza kumwamsha, kama unaye. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito wote.

Tufanye hesabu, maana biashara haiendeshwi kwa maneno. Tuseme kampuni ina watumishi 40, na huduma ya kukodi ni dola 6 kwa kila mtu kwa mwezi. Hiyo ni dola 240 kwa mwezi, yaani dola 2,880 kwa mwaka. Tukisema dola moja ni shilingi 2,500, jumla ni shilingi milioni 7.2 kila mwaka. Kwa programu huria leseni ni sifuri. Lakini tuseme fundi alipwa shilingi milioni moja na nusu kwa mwezi, na nusu ya siku yake yaliwa na posta: hizo ni shilingi milioni 9 kwa mwaka, kabla ya mashine, umeme, jenereta na nakala za akiba. Hapo kitu cha bure kimeshinda kwa ghali kitu cha kununua.

Lakini tuseme kampuni ina watumishi 400. Kwa kiasi kile kile, huduma ya kukodi yafika shilingi milioni 72 kwa mwaka. Posta ya watu 400 haihitaji mafundi kumi; mafundi wawili hodari waitosha, na mshahara wao kwa kiwango kile ni shilingi milioni 36. Zinabaki milioni 36 za mashine na mafunzo, na mwaka wa pili mashine zipo tayari. Tena fedha hizo zimebaki mifukoni mwa vijana wa hapa, na ujuzi umebaki pamoja nazo. Kila mtu na aandike tarakimu zake badala ya hizi zetu za mfano. Atakuta kwamba mizani hupinduka mahali fulani kati ya udogo na ukubwa, na ni wajibu wake kupajua mahali hapo.

Kisha kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo ya zilizoumia zaidi, zikabaki na intaneti ya kusuasua. Siku zile karani wa ghorofa ya kwanza ambaye posta ya kampuni yake iko Ulaya hakuweza kumpelekea barua mhasibu wa ghorofa ya pili bila ya barua hiyo kwenda ng'ambo na kurudi. Kampuni ambayo seva yake imo nchini iliweza walau kusemezana yenyewe kwa yenyewe. Hoja hii haihusu uhuria wa programu; ni hoja ya mahali. Lakini programu huria ndiyo iwezeshayo seva nyingi za ndani ya nchi kuwako, kwani mwenye kuanzisha huduma hiyo hahitaji kwanza kuomba ruhusa wala kulipa kodi ya leseni ng'ambo.

Wako watakaouliza: je, programu huria nayo haiwezi kufungwa na wenyewe? Yaweza, na imetokea. Mwezi wa Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, mfumo huria ambao seva nyingi za barua ziliegemea, utaachwa mwishoni mwa 2021, ijapokuwa watu waliutegemea mpaka 2029. Kelele zilikuwa kubwa. Lakini tazama kilichofuata: kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi, wengine waliyachukua, na mwaka 2021 mifumo miwili mipya, AlmaLinux na Rocky Linux, ikatolewa kushika mahali pake. Mwenye nyumba alifunga mlango, wapangaji wakafungua mwingine katika ukuta ule ule. Katika programu iliyofichwa jambo hilo haliwezekani.

Baada ya kuyapima yote, maoni yetu ni haya. Kampuni ndogo isiyo na fundi wake isijidanganye. Kompyuta iliyowekwa chini ya meza na kijana aliyepita, ambayo hapana ajuaye nywila yake, haistahili kuitwa kujitegemea. Kampuni hiyo na ikodi. Lakini kabla ya kuvuka bahari na iulize kwanza: je, hapa nchini hakuna mwenye seva mwaminifu aendeshaye programu huria kwa bei ya haki, ambaye tukigombana naye twaweza kumfuata ofisini kwake kwa basi? Akiwako, huyo ndiye wa kwanza kufikiriwa, si kwa huruma bali kwa mkataba ulioandikwa vizuri. Asipokuwako, wakodi kwa wakubwa wala wasione haya.

Kampuni kubwa, yenye mamia ya watumishi na idara ya kompyuta, haina udhuru. Ikiendelea kulipa leseni kila mwaka bila ya hata kufanya hesabu kama tuliyoifanya hapa, itakuwa inafanya hivyo kwa mazoea. Mafundi wake na wafundishwe, wahamishe idara moja kwanza, waone, wasahihishe, kisha idara nyingine. Schleswig-Holstein imeonyesha kwamba yawezekana, na imeonyesha pia machungu yake.

Na wote wawili, mdogo na mkubwa, wa kukodi na wa kumiliki, wana masharti manne ambayo hapana kuyavunja. La kwanza, jina la kampuni katika intaneti, liitwalo kikoa, liandikishwe kwa jina la kampuni yenyewe; lisiandikishwe kwa jina la fundi, wala la shemeji wa meneja, wala la muuza huduma. Mwenye kikoa chake aweza kuhamisha posta yake bila ya mteja hata mmoja kubadili anwani. Asiye nacho ni mateka. La pili, nakala za barua zote ziwekwe mahali pengine, mbali na posta yenyewe, na mara kwa mara zijaribiwe kama zafunguka, kwani nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. La tatu, mkataba useme jinsi ya kutoka: barua zitatolewa kwa namna gani, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Amwulizaye muuzaji njia ya kutokea kabla ya kuingia hatapendwa, lakini ataheshimiwa. La nne, asiwepo mtu mmoja peke yake ajuaye siri za posta. Mafundi hufa, huhama, hukasirika. Siri ziandikwe, zifungwe katika bahasha, ziwekwe ndani ya sanduku la fedha, na watu wawili wajue kuzitumia.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na wako watakaotupiga kwa methali hiyo na kusema kwamba tumechagua majembe mno. Twakubali kwamba shamba hulimwa kwa mikono, si kwa jina la jembe. Lakini mkulima asiyejua kama jembe alishikalo ni lake au la kuazima ataambiwa siku ya kwanza ya mvua alirudishe. Katika mkutano ujao, basi, jambo hili la barua pepe lisingoje mwisho wa ajenda. Liwekwe mbele, watu wakiwa hawajachoka, na swali la kwanza liwe ni nani atakayeshika ufunguo. Swali la bei na lifuate.